Everton, Aston Villa au West Ham: uchague ipi?

Kila mwaka ligi ya Uingereza inapokaribia kuanza, wadogo zangu wawili watatu hunijia na swali moja. Wamechoka kushangilia timu waliyorithi kwa kaka zao au kijiweni. Wanataka klabu yenye asili yake na watu wake, ila isiwe Arsenal, Manchester, Liverpool wala Chelsea. Na mara nyingi huwa wamekwama kwenye majina matatu: Everton kwa sababu ilishakuja Dar es Salaam, Aston Villa kwa sababu ya Mbwana Samatta, na West Ham kwa sababu ya ule wimbo wa mapovu.

Swali hili nalichukulia kwa uzito. Mtu hubadilisha kazi, nyumba na hata dini, lakini timu aliyoililia akiwa na miaka kumi na tano huwa anazeeka nayo. Bora achague akijua anaingia wapi.

Vigezo nitakavyotumia

Vikosi na makocha nitaviacha kando. Mchezaji unayemfuata leo, Januari anauzwa. David Moyes ameifundisha Everton kuanzia 2002 hadi 2013, West Ham ikamchukua kwa awamu mbili, akaipa kombe la Ulaya, halafu Januari 2025 akarudi Everton. Ukimfuata mtu, utahama naye.

Nitaangalia mambo matano: klabu ilizaliwaje, nyumbani kwake pakoje, imewapa watu wake raha gani, imewaumiza vipi, na ina undugu gani na sisi huku. La nne nalipa uzito kuliko mengine yote. Raha ya timu yoyote mtu anaweza kuifurahia, ila machungu kila klabu ina ya kwake, na hayo ndiyo utakayoishi nayo.

Kuzaliwa

Villa na Everton zilitoka kanisani, West Ham ilitoka kiwandani.

Mwaka 1874 vijana wa timu ya kriketi ya kanisa la Wesley la Villa Cross, Birmingham, walikuwa wanatafuta mchezo wa kuwashughulisha wakati wa baridi. Mechi yao ya kwanza, mwaka uliofuata, walicheza na timu ya raga ya jirani, Aston Brook St Mary's. Wakakubaliana kipindi cha kwanza wacheze raga na cha pili wacheze soka, na Villa wakashinda 1-0. Ila jambo kubwa lilikuja na kiongozi wao William McGregor, Mskoti mwenye duka la vitambaa, aliyechoshwa na mechi za kirafiki zilizokuwa zinaahirishwa ovyo. Machi 1888 aliandika barua kwa klabu kadhaa akipendekeza zicheze kwa ratiba, nyumbani na ugenini. Mwaka huohuo klabu 12 zikaanza ligi. Ndiyo ligi ya kwanza ya soka duniani, na mpangilio unaotumika leo kwenye Ligi Kuu ya Bara au ya Kenya ulianzia kwenye wazo la yule muuza vitambaa.

Everton nao walikuwa kati ya hao 12. Walianza 1878 kama timu ya kanisa la St Domingo, Liverpool, na mwaka uliofuata wakachukua jina la mtaa. Hadithi yao shabiki wa Yanga na Simba ataielewa bila kufafanuliwa. Kuanzia 1884 nyumbani kwao palikuwa Anfield, na ubingwa wao wa kwanza, wa 1891, waliupata wakiwa pale. Mwaka 1892 wakagombana na John Houlding, mfanyabiashara wa bia aliyekuwa na mamlaka juu ya uwanja ule, kuhusu kodi na jinsi alivyokuwa anaiendesha klabu. Everton wakafungasha, wakavuka bustani ya Stanley Park na kujenga Goodison Park. Houlding akabaki na uwanja usio na timu, akaanzisha timu nyingine, na hiyo ndiyo Liverpool. Kwetu ilikuwa 1936, kundi lilipojitoa Young Africans na kuanzisha timu ambayo leo ni Simba. Kwa hiyo shabiki wa Liverpool akikuambia Everton ni timu ndogo, mkumbushe kwa upole nani alitangulia kuishi Anfield.

West Ham ilianza 1895 kama timu ya wafanyakazi wa Thames Ironworks, kiwanda cha kuunda meli mashariki mwa London. Mwenye kiwanda, Arnold Hills, aliiunga mkono, na mwaka 1900 ikavunjwa na kuundwa upya kwa jina la West Ham United. Zile nyundo mbili zilizopishana kwenye nembo ni za kugongea ribiti kwenye mabamba ya chuma ya meli. Kiwanda chenyewe kilifungwa 1912, lakini hadi leo jukwaani wanaitana "Irons", yaani chuma. Aliyekulia karibu na timu kama Bandari ya Mombasa anajua ladha ya klabu ya aina hii: baba yako hakuwa shabiki tu, alifanya kazi bega kwa bega na beki wa kushoto.

Nyumbani

Hapa tofauti ni kubwa kweli.

Villa wako palepale. Wameingia Villa Park mwaka 1897 na hawajatoka. Uwanja uko Aston, chini ya jumba la kale liitwalo Aston Hall lililojengwa na mtu wa ukoo wa Holte, na ndiyo maana jukwaa kubwa la mashabiki linaitwa Holte End. Ukichagua Villa, unachagua klabu ambayo babu, baba na mtoto wamekaa jukwaa lilelile.

West Ham walihama, na kidonda bado kibichi. Kuanzia 1904 walikuwa Boleyn Ground, uwanja ambao wengi wanauita Upton Park, katikati ya nyumba za watu na maduka ya Green Street. Mechi ya mwisho ilikuwa Mei 2016, wakaifunga Manchester United 3-2. Tangu hapo wanacheza London Stadium, uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 2012. Unachukua zaidi ya watu 60,000, lakini klabu ni mpangaji, na jukwaa liko mbali na nyasi kwa sababu palijengewa mbio za riadha. Uwanja wa zamani ulibomolewa, pakajengwa makazi. Mashabiki wengi wazee wanakiri kuwa hawajapazoea.

Everton wamehama juzijuzi, na nimefuatilia kuhama kwao kama vile ni nyumba ya ukoo inauzwa. Goodison ilikaa kuanzia 1892 hadi 2025. Kwenye kona moja, katikati ya majukwaa mawili, kuna kanisa la St Luke's, limebanana na uwanja kiasi kwamba kwenye televisheni ulikuwa unaliona nyuma ya bendera ya kona. Kabla ya mechi msichana mmoja alikuwa anazunguka uwanja akiwarushia mashabiki peremende, kwa sababu jina la utani la klabu, "Toffees", lilitokana na maduka ya peremende ya pale mtaani. Na Dixie Dean, aliyefunga mabao 60 ya ligi katika msimu wa 1927/28, rekodi ambayo hakuna aliyeifikia, alifia humohumo Machi 1980, akitazama Everton wakicheza na Liverpool. Mechi ya mwisho ya wanaume pale ilikuwa tarehe 18 Mei 2025, dhidi ya Southampton, 2-0, mabao yote ya Iliman Ndiaye wa Senegal. Sasa wanaume wako kwenye uwanja mpya ufukweni, kwenye gati la zamani la Bramley-Moore, wenye nafasi zaidi ya 52,000. Goodison haikubomolewa, imekabidhiwa timu ya wanawake. Jambo hilo lilinifariji.

Siku za raha

Kwa wingi wa makombe Villa na Everton zinakaribiana. Everton ina ubingwa wa ligi 9 na Kombe la FA 5. Villa ina ubingwa 7 na Kombe la FA 7, ila sehemu kubwa ya hayo ni ya zamani za babu zetu. West Ham haijawahi kuwa bingwa wa ligi. Ilichokaribia zaidi ni nafasi ya tatu, 1986. Ina Kombe la FA 3, la mwisho 1980, ilipoifunga Arsenal 1-0 kwa kichwa cha Trevor Brooking, tena ikiwa daraja la pili.

Lakini hesabu haisemi yote. Villa ina usiku mmoja ambao Everton na West Ham hawana: Mei 1982, Rotterdam, fainali ya Kombe la Mabingwa wa Ulaya dhidi ya Bayern Munich. Dakika ya 9 kipa wao Jimmy Rimmer akashindwa kuendelea. Akaingia Nigel Spink, kijana aliyekuwa ameidakia timu ya kwanza mechi moja tu maishani. Bayern wakamshambulia usiku kucha, hakufungwa. Peter Withe akafunga bao moja, basi. Miaka 10 kabla ya hapo Villa walikuwa daraja la tatu.

West Ham nao wana jambo ambalo wengine hawana. Mwaka 1966 Uingereza ilichukua Kombe la Dunia kwa kuifunga Ujerumani Magharibi 4-2, nahodha akiwa Bobby Moore wa West Ham, na mabao yote manne yakifungwa na watu wa West Ham: matatu ya Geoff Hurst na moja la Martin Peters. Klabu hii ina sifa ya kulea vijana kuliko kununua. Pia ilimpa nafasi Clyde Best kutoka Bermuda tangu 1969, wakati mchezaji mweusi kwenye viwanja vya Uingereza alikuwa anatukanwa hadharani. Na Juni 2023, mjini Prague, Jarrod Bowen alifunga dakika ya 90 dhidi ya Fiorentina, 2-1, wakachukua Kombe la Konferensi la Ulaya. Walikuwa wamekaa bila kombe kubwa tangu 1980.

Everton raha yao kubwa ilikuwa miaka ya 1984 hadi 1987 chini ya Howard Kendall: Kombe la FA, ubingwa mara mbili, na Kombe la Washindi la Ulaya 1985. Miaka minane baadaye, 1995, wakaifunga Manchester United fainali ya FA. Kuna kisa cha nusu fainali ya mwaka huo nakipenda sana. Mnigeria Daniel Amokachi alikuwa benchi, mshambuliaji mmoja akaumia, na kabla kocha Joe Royle hajaamua, Amokachi akawa ameshaingia uwanjani. Akafunga mawili dhidi ya Tottenham.

Siku za maumivu

Soma sehemu hii taratibu.

Maumivu ya Villa ni ya kupanda na kuporomoka. Mabingwa wa Ulaya 1982, wakashuka daraja 1987. Wakarudi, wakakaa miaka mingi, kisha 2016 wakashuka tena na pointi 17 tu. Walirudi 2019 kwa mechi za mchujo, na msimu uliofuata walibaki kwa tofauti ya pointi moja, wakiipata siku ya mwisho kwenye uwanja wa West Ham, 1-1. Miaka minne baadaye, Oktoba 2024, walikuwa wanaifunga Bayern 1-0 pale Villa Park kwenye Ligi ya Mabingwa. Ukiwa na Villa huwezi kusema umefika. Mtu mwenye presha afikirie vizuri.

Everton haijashuka daraja tangu iliporudi juu 1954. Maumivu yake ni ya mtu aliyekuwa tajiri na watu wanamkumbusha. Baada ya msiba wa uwanja wa Heysel mwaka 1985, ambapo watu 39 walifariki kwenye fainali ya Liverpool na Juventus, klabu za Uingereza zilifungiwa mashindano ya Ulaya kwa miaka mitano. Everton, mabingwa wa mwaka huo, hawakucheza Kombe la Mabingwa walilolistahili. Hakuna aliyewafidia. Miaka ya karibuni ikawa ya kuponea chupuchupu: Mei 2022 walikuwa nyuma 2-0 dhidi ya Crystal Palace wakageuza ikawa 3-2 na kubaki. Mwaka uliofuata bao moja la Abdoulaye Doucouré siku ya mwisho likawabakisha. Halafu msimu wa 2023/24 wakakatwa pointi kwa makosa ya matumizi ya fedha, kwanza 10, zikapunguzwa kuwa 6, kisha 2 nyingine. Wakabaki tena. Aliyekaa na Everton miaka ile amejifunza kungoja.

West Ham wao hawakuwahi kuwa wafalme, kwa hiyo hawalii ufalme. Kinachowauma ni kuondokewa. Wanalea, wanakuza, wakubwa wanakuja kuchukua. Declan Rice aliinua kombe la Prague kama nahodha, na mwezi uliofuata alikuwa Arsenal. Mwaka 2003 walishuka daraja wakiwa na pointi 42, nyingi kuliko timu yoyote iliyowahi kushuka kwenye Ligi Kuu ya Uingereza (Premier League) tangu iwe ya mechi 38. Na wimbo wao wenyewe unasema hivyohivyo: mapovu yanapanda juu, yanakaribia mbingu, kisha yanafifia na kufa kama ndoto. Sijui klabu nyingine inayoimba habari ya ndoto zake kufa, kila wiki, watu 60,000, kwa furaha.

Na sisi je?

Everton ilicheza na Gor Mahia Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, Julai 2017. Ilikuwa mechi ya kwanza ya Wayne Rooney tangu arudi nyumbani kutoka Manchester United, na akafunga bao la mbali sana. Jacques Tuyisenge, Mnyarwanda, akasawazisha, Everton wakaja kushinda 2-1. Shabiki mmoja aliruka uzio akakimbia kumkumbatia Rooney, na Rooney hakumsukuma. Mwaka 2018 Gor Mahia wakaenda Goodison, wakafungwa 4-0. Mwaka 2019 Kariobangi Sharks wakaishinda Everton kwa penalti, Nairobi. Safari hizo zilitokana na mdhamini wa kampuni ya kubashiri, na mkataba uliisha 2020. Kumbukumbu zimebaki, lakini kamba imekatika.

Villa wana Samatta. Mtoto wa Mbagala aliyepitia TP Mazembe ya Lubumbashi na Genk ya Ubelgiji alifika Birmingham Januari 2020, Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga Ligi Kuu ya Uingereza. Tarehe 1 Machi, fainali ya Kombe la Ligi, Wembley, dhidi ya Manchester City. Ilikuwa Jumapili, saa mbili usiku imeshapita kidogo. Kibanda umiza kilikuwa kimejaa hadi watu wanachungulia kwenye matundu ya mabati. Villa walikuwa wameshafungwa mbili. Anwar El Ghazi akamwaga krosi, Samatta akajirusha mbele ya beki na kuupiga kwa kichwa, wavuni. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kreti mbele yangu hakushangilia. Alivua kofia, akaiweka mapajani, akawa anasema polepole, "Mbagala. Mbagala." Villa walipoteza 2-1 na Samatta aliondoka kwa mkopo miezi michache baadaye, lakini jina lake limebaki kwenye vitabu vya klabu ile.

West Ham hawana kitu cha namna hii na sisi, na sitatunga. Undugu wao uko London kwenyewe: Waswahili wanaoishi mashariki mwa jiji lile wako kwenye mitaa yao.

Kila moja na mtu wake

Everton inamfaa mtu wa uvumilivu, anayejali heshima ya ukoo na hatishwi na jirani mwenye makelele. Moyes alipofika 2002 aliiita klabu ya watu, na Yanga wanaojiita Wananchi watajisikia nyumbani.

Villa inamfaa anayetaka historia nzito pamoja na uwezekano wa kweli wa kuwaona Ulaya, na yuko tayari kuanguka nao.

West Ham inamfaa mtu wa mtaa na kazi, anayefurahia kijana kutoka akademia kuliko usajili wa bei mbaya, na ambaye kombe moja katika miaka 40 litamtosha kulia barabarani.

Kwa hali yako

Kama mnatazamia kibanda umiza, kumbuka mechi nyingi za Jumamosi huchezwa pamoja, saa 11 jioni au saa 12 kutegemea majira ya Uingereza. Mwenye kibanda ataweka Arsenal. Hilo litakukuta kwa zote tatu. Villa ikiwa kwenye mashindano ya Ulaya utaipata na usiku wa katikati ya wiki, wakati ushindani wa skrini ni mdogo.

Kama nyumba nzima ni Liverpool na unataka mkae mbishane kwa hoja, Everton. Utafungwa mara nyingi, ila hoja ya Anfield hakuna atakayeipindua.

Kama unaishi London au unakwenda kusoma huko, West Ham. Uwanja ni mkubwa, unafikika kwa miguu kutoka stesheni ya Stratford, na timu unayoweza kuifuata kwa miguu yako ina ladha nyingine kabisa.

Kama ulimpenda Samatta tu, subiri kwanza. Tafuta mechi mbili tatu za Villa asizokuwemo. Ukivutiwa, ingia. Usipovutiwa, mapenzi yako ni kwa Samatta, na hayo ni halali pia.

Na kama unamnunulia mtoto jezi ya mtumba Karume au Gikomba, angalia nembo kabla ya kulipa. Villa na West Ham zote zinavaa damu ya mzee yenye mikono ya samawati, na mashabiki husimulia kwamba West Ham walizipata rangi hizo kwa wachezaji wa Villa walioshindwa dau la mbio. Ukiona simba ni Villa, ukiona nyundo ni West Ham. Everton ni bluu tupu, na nembo yake ina mnara.